Kipilipili Chenye Mvi

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa chuoni si la masomo. Niko bombani nafua, au nimesimama kwenye foleni ya kafeteria, binti ananisogelea kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Samahani, hizo nywele zako unapaka nini?" Naitikia marahaba, namwambia napaka mafuta ya nazi. Anaondoka hajaridhika, anahisi nimemficha siri. Na kweli nimemficha. Jibu lenyewe ni refu, na nusu yake iko chini ya kitambaa kipana ninachokizungushia utosini, ambacho wenye macho makali wameshagundua kuwa sikivui hata siku moja.

Basi leo nakivua, walau kwa maandishi.

Kwa wasionijua: mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea ualimu. Nilizaliwa 1971. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja kusaka digrii, na chumbani hosteli naishi na mabinti watatu ambao mkubwa wao ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Wananiita Mama. Siku bumu likitoka wananiita Mama Mkubwa, kwa sababu wanajua mimi silipati, wananionea huruma na kuniletea chipsi.

Nywele zangu ni kipilipili hasa, zile ambazo utotoni tuliambiwa ni "ngumu". Shule ya msingi zilikuwa hazina shida na mtu kwa kuwa tulinyolewa wote, wavulana kwa wasichana, na kichwa kilioshwa kwa sabuni ya mche pamoja na uso. Likizo zikiota kidogo, shangazi alizifunga kwa uzi mweusi, zikasimama kama antena. Mama yangu yeye aliwahi kuwa na wigi, na alipenda kusimulia namna alivyolichimbia ndani ya sanduku la nguo wakati wa Operesheni Vijana, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga marufuku mawigi na sketi fupi kuanzia Januari 1969. Alikuwa anacheka sana akisimulia. Sisi tulikuwa hatucheki, tulikuwa tunauliza wigi liko wapi.

Mshahara wangu wa kwanza, mwaka 1992, niliupeleka saluni. Nikawekwa dawa. Liangalieni neno lenyewe: dawa. Sikuwahi kujiuliza ugonjwa ulikuwa upi. Niliweka dawa kila baada ya wiki nane au kumi kwa miaka 26, na kwa miaka yote hiyo sikujua kopo lile lina nini ndani.

Lina nini? Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana kwa vifungo vya salfa. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoshikilia umbo, ukiuvuta unywele uliojikunja ukauachia, unarudi. Ukitumia pasi au kichana cha moto, unakuwa umelegeza vifungo vingine vidogo ambavyo maji huvirudisha, ndiyo maana mvua ikikunyeshea nywele zinarudi kwao. Dawa haichezi hivyo. Dawa huvunja vile vya salfa, na havirudi tena. Nyingi hutumia sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda ileile ambayo vikundi vya kina mama hutengenezea sabuni za miche. Zile zinazouzwa kwa jina la "haina kostiki" hutumia alkali nyingine, si kwamba ni maji ya madafu. Ngozi na nywele zetu ziko upande wa asidi kidogo, karibu pH 5. Dawa iko 12 au 13. Ndiyo maana dada wa saluni anakupaka mafuta ya mgando pembezoni kwanza, anavaa glavu, halafu anakuambia, "Vumilia kidogo ishike." Yeye kavaa glavu. Wewe kichwa chako hakina glavu.

Nilivumilia sana mimi. Nilikuwa nahesabu kuungua kama sehemu ya huduma.

Kuna utafiti mmoja mnatakiwa kuujua kabla sijaendelea, maana haumhusu bibi peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka 11. Wale waliokuwa wakitumia dawa za kunyoosha nywele mara nyingi, zaidi ya mara nne kwa mwaka, walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia: makadirio ya kufikisha umri wa miaka 70 ukiwa umeugua yalikuwa asilimia 1.64 kwa wasiotumia na asilimia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Mliosoma takwimu mnajua kwamba uhusiano si uthibitisho, na hata hiyo asilimia 4 maana yake ni kwamba wengi hawaugui. Siwatishi. Lakini mimi niliweka dawa mara tano hadi sita kwa mwaka kwa miaka 26, na hakuna aliyewahi kuniambia kuna hata la kufikiria.

Turudi kwenye kipilipili. Kinachoitwa ugumu si ugumu, kwa kweli nywele hizi ni dhaifu kuliko zote. Unywele ulionyooka ukiukata ukautazama kwa hadubini, kata yake inakaribia duara. Wetu umebonyea kama utepe, unajipinda kila baada ya milimita chache, na kila pindo ni mahali pa kukatikia. Kichwa kinatoa mafuta yake ya asili vizuri tu, ila mafuta hayo hayawezi kuteremka kwenye ngazi ya mzunguko namna ile, kwa hiyo shina lina mafuta na ncha ni kavu kama makuti. Halafu tunachukua kitana chenye meno membamba, nywele zikiwa kavu, asubuhi, tumechelewa kipindi, tunaanzia shinani kuvuta kwenda juu. Zinakatika pa! pa! pa! Tunasema hazikui. Zinakua. Nywele za kichwani kwa kawaida huota karibu sentimita moja kwa mwezi, zetu pungufu kidogo. Tunazikata kwa kasi ileile zinayoota.

Haya, sasa umri. Hapa ndipo ninyi mnaweza kuruka aya, ila nawashauri msiruke, mna mama zenu nyumbani.

Nilipofika miaka 46 hedhi ilianza kupoteza ratiba, na miaka 49 ikakoma. Joto lilikuwa linanipanda katikati ya kipindi, nageukia ubao nijifute jasho, wanafunzi wakidhani nalia. Kichwani mambo yalibadilika pia. Homoni ya estrojeni ikishuka, muda wa unywele kuota hufupika, na vifuko vinavyootesha nywele huanza kutoa nyuzi nyembamba kuliko za ujanani. Kichwa kinatoa mafuta kidogo zaidi. Nywele zilezile, mtu yuleyule, lakini butu lililokuwa linajaa kiganja linakuwa kama kidole. Mvi nazo zina tabia yake: ni unywele uliokosa rangi kwa kuwa chembe zinazotengeneza rangi kwenye kifuko zimechoka, na kwa wengi wetu hutoka mkavu na mkaidi, haulali na wenzake. Juu ya hayo, mwanamke wa umri wangu akiona nywele zinapukutika kwa wingi asikimbilie kulaumu miaka. Upungufu wa madini ya chuma hupukutisha nywele. Tezi ya shingoni ikienda kombo hupukutisha nywele. Vyote viwili hupimwa kwa damu, na vyote vina tiba. (Na ninyi mnaoishi kwa chai na andazi hadi saa kumi, hiyo ya madini ya chuma ni yenu kabisa.)

Sasa kitambaa.

Mwaka 2015 nilikuwa nafumua rasta, nikahisi utosini kidole kimegusa ngozi tupu. Padogo, kama sarafu ya shilingi mia. Kwa miezi kadhaa pale palikuwa panawasha, na siku nyingine palichoma kama pamepakwa pilipili, hata kuchana ilikuwa shida. Nilimwonyesha dada wa saluni, akasema dawa imeniunguza kidogo, zitaota. Nikashonea wivingi juu yake. Mwaka uliofuata ikawa kama kifuniko cha chupa ya maji, mwaka uliofuata kama kiganja cha mtoto. Nikanunua wigi. Miaka mitatu, jamani, mwalimu mzima ninayewafundisha watoto kwamba kidonda huonyeshwa mganga, mimi cha kwangu nilikifunika.

Mwaka 2018 nilikwenda kliniki ya ngozi, na hata hapo nilikwenda kwa sababu ya mzio wa kanta, si kwa sababu ya kipara. Daktari aliniomba nivue wigi. Akaangalia kwa lenzi yenye taa, akakaa kimya, akaniuliza: ilianza lini? Nikamwambia. Akakata kipande kidogo cha ngozi, nikachomwa ganzi kwanza, haikuuma kuliko dawa ya saluni. Majibu yalipotoka alinieleza kwamba ni aina ya upara unaoanzia utosini na kutanuka kwenda pembeni, na unaacha kovu. Uvimbe usioonekana unazunguka kifuko cha unywele, unakiua, na mahali pake panajaa kovu laini linalong'aa. Kifuko kikishakufa hakuna mafuta, wala kitunguu, wala sindano itakayokifufua. Dawa zipo, za kupaka, za kumeza na nyingine huchomwa kwa sindano ndogondogo kichwani, na kazi yake ni kutuliza uvimbe ili vifuko vilivyobaki visife. Vilivyobaki. Nilimwomba arudie hilo neno.

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake weusi wa umri wa kati. Sababu yake haijawa moja. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda umbo la unywele, kwa hiyo kuna cha kurithi. Mitindo ya kuvuta na kemikali inatiliwa shaka kuwa inaongeza. Kwa hiyo sisemi dawa ndiyo iliyonitoa kipara, sina ushahidi huo. Nasema kwamba kuchomwa kichwani kwa miaka 26 kulinifundisha kuona maumivu ya utosini ni jambo la kawaida, na hilo ndilo lililonichelewesha.

Aina ya pili ya upara ni ya kwenu zaidi, na naiona kila siku madarasani: mistari ya mbele na pembeni ya masikio inayorudi nyuma. Huo unatokana na kuvutwa. Daktari Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza vichwa vya watu wazima wa jiji hilo wakachapisha matokeo mwaka 2007: karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa na dalili zake. Theluthi! Uzuri wake ni kwamba ukiuwahi unarudi nyuma, nywele zinaota. Ukiuendekeza miaka kumi, unageuka kovu nao. Kipimo ni rahisi, hakihitaji maabara: ukisukwa ukashindwa kulala usiku wa kwanza, ukanywa panado, ukaota vipele vyeupe kwenye mashina, msuko huo unavuta. Fumua. Hata kama umelipa elfu arobaini. Hata kama harusi ni kesho.

Basi nilinyoa. Zote. Nywele zenye dawa na zisizo na dawa hazikai vizuri kwenye unywele mmoja, pale zinapokutana ndipo zinapokatikia, na mimi sikuwa na subira ya kupunguza ncha mwaka mzima. Mama mkwe alipokuja na kukiona kichwa, alikaa chini kabla ya kusalimia. "Mwanangu, nani?" Kwao mwanamke hanyoi hivihivi, ananyoa akifiwa. Ilinichukua nusu saa kumwelewesha kwamba hakuna msiba, na hata alipoelewa aliondoka na uso wa mtu aliyetoka kutoa pole.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kujifunza kichwa changu, nikiwa na miaka 47. Ninachofanya sasa si ufundi mkubwa.

Naosha kila Jumamosi, au kila baada ya wiki mbili mitihani ikibana. Usiku wa kuamkia siku hiyo napaka mafuta ya nazi, si baada ya kuosha, kabla. Watafiti wa India walishayapima mafuta haya mwaka 2003, wakayalinganisha na mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, wakakuta la nazi ndilo linaloingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Chembe yake ni ndogo na imenyooka, inapenya. Mafuta ya mgando hayapenyi, yanakaa juu kama turubai. Turubai nalo lina kazi yake, lakini ukilitandika juu ya unywele mkavu, umefungia ukavu ndani.

Maji ndiyo mtihani wenyewe. Maji ya kisima tunayooga hosteli yana chumvi, mnayajua, sabuni haitoi povu mpaka uombe dua. Madini yaliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando mweupe kwenye nywele, ndipo zinakuwa kama katani, halafu mtu anasema shampuu ni feki. Kwanza acheni sabuni ya mche kichwani, ni ya alkali na kwa maji haya ndiyo inayotengeneza utando. Tumieni shampuu, kidogo, kwenye ngozi ya kichwa na si kwenye ncha, povu linaloteremka linatosha kuziosha. Mimi suuzo la mwisho nafanya kwa maji laini: masika nakinga ya mvua, kiangazi nanunua dumu la maji baridi la lita tano, linatosha kichwa kizima ukimimina kwa kikombe. Mabinti wa chumbani walinicheka kwa hilo mpaka walipojaribu.

Baada ya shampuu napaka kondishona nyingi, naachia dakika kumi, na hapo ndipo nachambua. Nywele zikiwa zimelowa na zinateleza, kwa vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana, naanzia nchani nikirudi shinani kidogokidogo. Nagawa kichwa mafungu manne nisije nikachanganyikiwa. Kwenye kovu sigusi na chanuo. Nikimaliza nabonyeza maji kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa sababu taulo linakwaruza, napaka mafuta kidogo ya nyonyo nchani, nasuka mabutu manane. Yakikauka nafungua, ndiyo hizo nywele mnazoziona Jumapili. Juma zima naziacha kwenye mabutu au twende kilioni za kulegea, na kulala nalala na kofia ya satini, kwa kuwa shuka la pamba hunyonya unyevu na kukwaruza usiku kucha. Kofia yangu niliishona kwa kitambaa cha bitana, shilingi elfu mbili.

Wenzangu mnaovaa hijabu: msifunike nywele mbichi. Najua saa kumi na moja alfajiri haina nafasi, lakini unyevu, joto na kitambaa kwa saa kumi na mbili ni shamba la fangasi na mba. Osha jioni. Na ushungi wa ndani usikaze kwenye paji, nao unavuta kama rasta.

Rangi. Mvi zangu nimeziacha, na hilo si la kishujaa, ni woga. Kanta na piko, vile vya unga mweusi, mara nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, na mimi ilinivimbisha uso hadi jicho moja likafumba. Mtu anaweza kutumia miaka mitano bila tatizo, mwaka wa sita mwili ukakataa. Hina halisi haina PPD, na rangi yake halisi ni ya kutu, si nyeusi. Ukiuziwa "hina nyeusi" ujue kilichoitia weusi si jani la mhina.

Kuhusu yale mengine, maji ya mchele, maji ya kitunguu, ute wa bamia, karafuu za kuchemsha: ute wa bamia unateleza vizuri kuchambulia, huo naukubali. Mengine mengi ni mapishi. Mtu ana nywele nzuri kwa sababu aliacha kuzivuta, halafu sifa zote anapewa mchele. Wala msihangaike sana na kujipanga kwenye aina, sijui mimi ni 4B, mimi ni 4C. Mpangilio huo uliletwa na msusi wa Marekani, Andre Walker, kwa kazi yake. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na aina tatu, changu kina ya nne isiyo na nywele.

Na jambo la kusuka siyo dhambi. Nimeona siku hizi mabinti wa nywele za asili wanavyowasema wenzao wenye dawa, kana kwamba wao wameokoka. Nywele za asili nazo huvutwa, nazo huugua. Mwenye dawa anayekwenda mara mbili kwa mwaka, hapaki penye kidonda, hasuki rasta juu yake wiki hiyohiyo, anaweza kuwa na kichwa salama kuliko wewe na mistari yako ya kukaza. Pia msitishike mkifumua msuko wa wiki sita mkaona lundo. Kichwa hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Zidisha kwa siku 42, ni 2,100 hadi 4,200, zote zilikuwa zimenaswa humo zikisubiri. Lundo si ugonjwa. Ugonjwa ni mahali palipo wazi, panapowasha, panapochoma, panapong'aa.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwezi uliopita. Binti wa kitanda cha juu, ana miaka 22, alikuwa anafumua knotlesi zake kitandani huku anapitia madesa. Akawa anajikuna utosini kwa ncha ya kalamu. Nikamuuliza, akasema, "Aa Mama, ni kawaida yangu, huwa panachoma tu kidogo." Nikamwambia ashuke. Nikampapasa. Nywele za pale zilikuwa fupi, zimekatika, kama mtu kazipunguza kwa mkasi, na alipoguswa alikunja uso. Akaanza kuniambia kwamba atajaribu mafuta ya kitunguu, kuna dada block ya pili anauza.

Nilivua kitambaa. Katika mwaka mzima na nusu wa kuishi chumba kimoja hakuna aliyewahi kuniona. Yule wa kitanda cha chini aliacha kula. Binti mwenyewe alinyanyua mkono, akaushusha, akaniuliza kama anaweza kushika. Nikamwinamishia kichwa. Akapitisha kidole kwenye kovu polepole, akasema, "Pamekuwa pa plastiki." Sikupata neno zuri kuliko hilo.

Tulikwenda kliniki wiki iliyofuata, kwa daladala mbili, kwa barua ya zahanati ya chuo, bima ikakubali. (Anzieni zahanati, ombeni rufaa. Ukienda na "nywele zinakatika" utapewa shampuu ya mba urudishwe bwenini. Sema "utosini panachoma na pameanza kuwa wazi, nataka kuonwa na daktari wa ngozi.") Daktari alimwangalia kwa lenzi, akasema matundu ya vifuko bado yanaonekana kwa wingi. Akakata kipande, akampa dawa ya kupaka, akamkataza kusuka na kuweka chochote cha kemikali hadi majibu. Kwa sasa anatembea na kiafro kifupi na anadhani kila mtu anamtazama. Nimemwambia wanamtazama kweli, ni mzuri.

Majibu ni Jumanne. Ameniomba nimsindikize, na mimi siku hiyo nina mtihani wa takwimu saa nane mchana, ule ambao mwaka jana nilipata sapu. Tumekubaliana kuondoka na daladala la saa kumi na moja alfajiri. Madesa nitasomea njiani.